Utafiti wa siku tano, na namna tunausoma vibaya

Kuko makala moja yenye inazunguka mu simu zetu tangu miaka. Kila mutu mwenye alipita staji mu chumba cha watoto wachanga alishaiona, ao alishasikia mutu anaitaja. Cotten na wenzake waliitoa mwaka 2009 mu jarida la Pediatrics, kule Marekani. Mutu anaituma mu grupe saa tano ya usiku na sentensi moja tu: "Muone, antibiotiki zinaua prematire." Mbele asubuhi ifike mwingine ameshajibu: "Hiyo ni ya Marekani, wale wako na kila kitu." Mujadala unaishia pale. Ku kitanda, mutoto wa gramu 1200 anaingia siku yake ya sita ya ampisilini na jentamisini, na hakuna mwenye anauliza ni kwa nini.

Niliisoma tena yote, pamoja na majedwali yake, kwa sababu watoto wa namna hii njo kazi yangu ya kila siku. Na niko na neno lenye labda halitafurahisha grupe: pande zote mbili zinashika sentensi yenye haifai. Wa kwanza wanachukua hitimisho lenye ule utafiti hauna nguvu ya kubeba. Wa pili wanatupa makala yote, na ndani yake kuko namba moja yenye inatuhusu sisi kuliko Wamarekani wenyewe.

Tuanze na chenye walifanya. Walichukua watoto wenye walizaliwa na gramu 1000 ao chini yake, kati ya 1998 na 2001, mu vituo vikubwa 19. Walikuwa 5693. Kati yao wakabakiza wale wenye walianzishwa antibiotiki mu siku za kwanza kabisa, wenye damu yao ilioteshwa mu labo na haikutoa mikrobi, na wenye walipita siku tano wangali hai: 4039. Kwa hao wote, labo haikupata ushahidi wa maambukizo. Kisha wakauliza: wenye waliendelea na dawa siku tano ao zaidi, na wenye waliachishwa mbele ya pale, mwisho wao ulikuwa namna gani? Wenye waliendelea walikufa zaidi. Ukihesabu pamoja kifo na ule ugonjwa wa kuoza utumbo wenye sisi wote tunaogopa, ni vile vile. Na kila siku yenye iliongezeka iliendana na hatari yenye inapanda.

"Iliendana na" si sawa na "ilileta". Hiyo tunaijua bila kufundishwa takwimu. Hesabu wafu mu hospitali ya rufaa ya muji, kisha hesabu wafu mu kituo cha afya cha kijiji. Utaona hospitali ya rufaa inaua zaidi. Hakuna mutu mwenye akili atafunga hospitali kwa ajili ya ile hesabu, kwa sababu wagonjwa wakali njo wanatumwa kule. Na hapa ni vile vile. Munganga mwenye anaona mutoto anasahau kupumua, tumbo linavimba, ngozi inageuka rangi ya majivu, hataacha dawa siku ya pili hata kama labo inasema damu ni safi. Yule mutoto akikufa siku ya kumi na tano, antibiotiki inaandikwa ku upande wa washitakiwa, kumbe mutoto alikuwa tayari mu hatari mbele ya siku ya tano. Waandishi waliijua ile shida, na walijaribu kusawazisha watoto kwa hesabu. Lakini hesabu inasawazisha tu chenye kiliandikwa. Jicho la muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye anasema "huyu mutoto hanipendezi leo", haliko mu jedwali lolote.

Kwa hiyo mwenye anatuma PDF na neno "zinaua", alisoma kwa haraka sana. Hata kichwa cha makala chenyewe kinasema kuendana, hakisemi kuua.

Na upande wa pili? "Hiyo ni ya Marekani." Ndani yake kuko nusu ya ukweli, tuipe haki yake. Wale watoto walikuwa wa gramu 1000 kwenda chini, na mashine za kupumulia na chakula cha mu mushipa. Mu vyumba vyenye mimi nimepita, mutoto wa gramu 800 mara nyingi hafikii siku ya tano. Wenye tunanywesha kwa mupira wa pua, tunawapima kila asubuhi na tunawarudisha nyumbani, ni wa gramu 1100, 1300, 1450. Wako chini ya 1500, wote wanaitwa "wa uzito mudogo sana", lakini si watoto wa ile makala. Tena, hatari ya kuanzia si moja. Kule Marekani, uchunguzi wenye ulitoka 2011 ulikuta maambukizo ya damu ya siku za kwanza ku watoto karibu 11 kwa 1000 wa chini ya gramu 1500. Na ule wa 2018, mu vituo karibu 300, ulikuta watoto karibu 79 kwa 100 wa uzito ule ule walianzishwa antibiotiki mu siku za kwanza. Soma zile namba mbili polepole: dawa kwa karibu 79 kati ya 100, ugonjwa wenye labo ilihakikisha kwa mumoja kati ya 100. Kwetu, mama anaweza kufika baada ya siku mbili maji yamepasuka, juu ya pikipiki, kutoka kituo chenye hakina maji ya bomba. Sitashangaa kama ile 11 kwetu ni kubwa zaidi. Mwenye anaanzisha dawa haraka mu hali kama hizo, mimi simulaumu.

Lakini kuanza si shida yenye Cotten anaongelea. Anaongelea kuacha. Na hapa tunafika ku ile namba.

Kati ya wale 4039, watoto 53 kwa mia walipewa siku tano ao zaidi. Hiyo ni ya wote pamoja. Ukiangalia kituo kwa kituo, kuko chenye kilifanya hivyo ku watoto 27 kwa mia, na kuko chenye kilifanya ku 85 kwa mia. Uzito mumoja. Damu ya wote ilikuwa safi. Nchi moja, vitabu sawa, dawa zile zile, wanganga wenye wanakutana mu kongamano moja na wanakunywa kahawa pamoja. Nani ataniambia kama watoto wa kituo cha pili walikuwa wagonjwa mara tatu kuliko wa kituo cha kwanza? Chenye kiliamua, mimi ninaamini, ni desturi ya nyumba. Mahali fulani walikuwa na mazoea ya kuacha. Pengine walikuwa na mazoea ya kuendelea. Mutoto alipata dawa kufuatana na mulango wenye alipitia.

Na Cotten hayuko peke yake pale. Mwaka 2015 wengine walihesabu vituo 127 vya California: ku kila siku mia za kulala mu chumba, ni ngapi zilikuwa na antibiotiki? Kituo cha chini kilikuwa na 2.4, cha juu 97.1. Ni tofauti ya mara arobaini. Na ile tofauti haikufuata maambukizo yenye yalihakikishwa, haikufuata ugonjwa wa utumbo, haikufuata vifo. Wale wako na labo yenye inafanya kazi saa 24. Labo njo ilikuwepo, na desturi ilishinda labo.

Hii njo sababu ninasema makala inatuhusu. Sisi tuko tunasema kila siku: tungekuwa na emokultura, tungeacha dawa mapema. Labda. Kule walikuwa nayo, jibu likarudi "hakuna kitu", na kuko vituo vyenye viliendelea ku watoto 85 kwa mia. Chupa ya labo haiachishi dawa. Mutu njo anaiachisha.

Bon. Mwenye anataka ushahidi wenye nguvu kuliko ule wa kuendana, arudi nyuma zaidi ya miaka sitini, kwa sababu uko. Na ninasikitika hatukuufundishwa ku auditoire, wakati tulikariri majina ya mikrobi kwa Kilatini.

Miaka ya 1950, mu hospitali nyingi, prematire walikuwa wanapewa antibiotiki mbele hata ya dalili, "kwa usalama". Kule New York, Silverman na wenzake waligawa watoto kwa bahati, kama kura: hawa wanapata penisilini na sulfa yenye ilikuwa desturi ya wakati ule, wale wanapata oksitetrasiklini. Walifikiri wanachagua kati ya dawa mbili nzuri. Matokeo yalitoka 1956: kikundi cha penisilini na sulfa kilikufa zaidi, na ku maiti wakakuta ubongo umeingiwa na manjano. Baadaye ikaeleweka: ile sulfa inasukuma bilirubini kutoka ku protini yenye inaibeba mu damu, na bilirubini ikiwa huru inaingia ku ubongo. Dawa ya usalama, na hakuna mwenye alikuwa ameona chochote hadi siku walilinganisha.

Kisha Los Angeles, 1959. Prematire wenye mama zao walipasuka maji zaidi ya saa 24 mbele ya kuzaa. Yaani wale wale wenye leo sisi tunawawekea sindano bila kufikiri mara mbili. Walifanya vikundi vinne. Wenye hawakupewa kitu, karibu mumoja kwa watano alikufa. Wenye walipewa penisilini na streptomisini, karibu vile vile. Wenye walipewa kloramfenikoli, peke yake ao pamoja na zile zingine, zaidi ya nusu walikufa. Ini la prematire haliwezi kuivunja ile dawa. Inajaa mu mwili, mutoto anageuka kijivu, moyo unaanguka. Muangalie pia vikundi viwili vya kwanza, kwa sababu mara nyingi tunavipita: kwa watoto wale, dawa yenye haikuwa na sumu haikupunguza vifo kuliko kutotoa kitu. Ni vikundi vidogo, vya watoto kama thelathini, na sitajenga nyumba juu yake. Lakini hiyo ni kulinganisha kwa kweli, si kuhesabu wafu wa hospitali ya rufaa.

Utasema: hizo ni dawa za zamani. Tuongee basi seftriaksoni. Iko mu kila farmasi ya kona, iko mu kila kituo, na nimeona ikiwekewa mutoto wa gramu 1300 mwenye manjano kwa sababu njo yenye ilibakia mu kabati. Inasukuma bilirubini, sawa na ile sulfa ya 1956. Tena ikikutana na kalsiumu mu mushipa inafanya chembe za kuziba, na Ringer lactate yetu ya kila siku iko na kalsiumu ndani. Kwa prematire imekatazwa; maandishi yenye yanakuja na dawa yanasema vile. Yale maandishi ni ya herufi ndogo sana, ninajua, na mara nyingi boksi inafika bila karatasi.

Na kuko jambo la mikrobi yenyewe. Ninapenda sana jaribio moja la Uholanzi lenye lilitoka mu Lancet mwaka 2000, kwa sababu ni rahisi hata mutoto wa sekondari ataelewa. Vyumba viwili vya watoto mahututi. Kimoja kinatumia penisilini na tobramisini, kingine amoksisilini na sefotaksimu, dada ya seftriaksoni. Baada ya miezi sita wanabadilishana. Kila mara, chumba chenye kilikuwa na sefotaksimu njo kilijaa mikrobi zenye hazisikii dawa ya chumba: mara 18 zaidi. Mutoto wa kitanda cha tatu analipa dawa yenye ilipewa mutoto wa kitanda cha kwanza. Kwetu, watoto wawili ao watatu wakilala mu kuveze moja siku umeme umekatika mu chumba kingine, hesabu mwenyewe.

Sasa, "hatuna emokultura". Mu hospitali zetu nyingi ni kweli: chupa hakuna, ao ziko na zimepita tarehe, ao familia inaombwa franga za labo na inabaki na kuchagua kati ya labo na chakula cha mama. Lakini fungua ule Mémento wa OMS wa matunzo ya watoto mu hospitali, toleo la 2013, wenye uko mu Kifaransa na wengi wetu tuko nao mu telefone. Kwa mutoto mwenye aliwekewa dawa kwa sababu ya hatari tu, unasema: ampisilini na jentamisini kwa siku mbili kwa uchache, kisha umuangalie upya, na uendelee tu kama kuko dalili za maambukizo, ao kama emokultura imetoa kitu. Neno ni "ao". Walioandika walijua kama kuko mahali hakuna chupa. Saa 48 inafika hata penye hakuna labo, na macho yetu, kipima joto na saa ya kuhesabu pumzi tuko navyo.

Si kazi nyepesi. Prematire wa gramu 1200 mwenye amepata baridi anafanana kabisa na mwenye ameambukizwa: anapoa, anasahau kupumua, hataki maziwa, sukari inashuka. Nimeona watoto wakiongezewa siku tano za dawa asubuhi yenye ilifuata usiku wa umeme kukatika. Hakuna mwenye aliandika mu faili kama umeme ulikatika. Waliandika "hali imebadilika". CRP nayo si rafiki wa kuaminiwa mu siku za kwanza, inaweza kupanda kwa sababu ya kuzaliwa kwenyewe. Kwa hiyo swali lenye mimi ninauliza mbele ya yote, na lenye halilipishwi franga hata moja: huyu mutoto alizaliwa namna gani, na kwa nini alizaliwa mbele ya wakati? Mama mwenye presha ilipanda, akapasuliwa mbele ya uchungu kuanza, maji yangali hayajapasuka: mutoto wake hakukutana na mikrobi za njia ya uzazi, hatari yake ni ya chini. Mama mwenye uchungu ulimushika bila sababu ku wiki 30, na homa, na maji yenye kunuka: mutoto wake ni mushukiwa wa kweli. Hao wawili mara nyingi wanalala kitanda kwa kitanda na karatasi moja, dozi moja, siku saba zile zile.

Ni nani alisema saba? Nimeuliza mu vyumba vitatu. Jibu lenye nilipata ni "tunafanyaka vile". Mwenye anasema hivyo si mujinga, na ninataka kuwa wa haki hapa, kwa sababu ni mwenzetu. Mutoto akikufa siku ya nne bila antibiotiki, familia itauliza, mukubwa wa kazi atauliza, na jina la munganga kijana litasemwa mu mukutano wa asubuhi. Mutoto akikufa siku ya kumi na mbili na tumbo limeoza baada ya dawa za siku kumi, watu watasema Mungu ametwaa. Kila mutu mu chumba anajua ni kosa gani litaadhibiwa na lipi halitaonekana. Mu hali ile kuendelea ni njia ya kujilinda, na mutoto njo analipia ule ulinzi. Familia pia: ampule, sindano, katetere, kila asubuhi karatasi mupya ya kupeleka ku farmasi, na mama mwenye hawezi kutoka kama fakture haijalipwa.

Nisieleweke vibaya ku upande mwingine. Maambukizo yanaua hawa watoto, na yanaua haraka. Ule uchunguzi mukubwa wa NeoOBS, wenye ulitoka 2023 na ulifuata watoto 3204 mu nchi 11, Uganda na Kenya ndani yake, ulikuta michanganyiko ya antibiotiki zaidi ya 200. Mikrobi yenye ilionekana zaidi mu damu ni Klebsiella pneumoniae, mukaaji wa hospitali. Rwanda jirani yetu ilikuwa mu uchunguzi mwingine, BARNARDS, na pale mikrobi za kundi la Klebsiella, zenye kwa asili hazisikii ampisilini, nyingi hazikuisikia hata jentamisini. Mupaka wa Rusizi hauzuii Klebsiella. Mwenye mutoto wake ni mugonjwa kweli atahitaji dawa zenye zingali na nguvu, na tunazimaliza ku watoto wenye walikuwa na baridi.

Hata dozi yenyewe ni shida. Jentamisini inakuja mu ampule ya miligramu 80 mu mililita 2. Mémento inasema miligramu 3 kwa kilo kwa siku, kwa mutoto wa uzito mudogo mu wiki ya kwanza. Mutoto wa gramu 1200 anahitaji miligramu 3.6, yaani mililita 0.09. Mutafute 0.09 ku sindano ya mililita 2, saa nane ya usiku, na mwangaza wa telefone. Mwenye hakuyeyusha dawa kwanza anaweza kutoa mara mbili bila kujua, na figo na masikio ya yule mutoto hayatalalamika leo. Kila siku yenye tunaongeza bila sababu ni nafasi nyingine ya kukosea ile hesabu.

Kitu kimoja kingine chenye watu wa antibiotiki hawapendi kutia mu mujadala, kwa sababu hakiko mu ampule. Mwaka 2021 lilitoka jaribio la kumuweka mutoto ku kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja atulie. Hospitali tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto 3211, wa gramu 1000 hadi 1799. Mu siku 28 walikufa 12.0 kwa mia ku wale wa kifua, na 15.7 kwa mia ku wengine, hata wakasimamisha jaribio mbele ya wakati. Washukiwa wa maambukizo pia walipungua, kutoka 27.8 hadi 22.9 kwa mia. Hawa ni watoto wa uzito wetu, mu hospitali zenye zinafanana na zetu zaidi ya zile 19 za Cotten. Mwenye anasema "hiyo ni ya Marekani" atafute jibu lingine kwa hii. Hata hivyo mu vyumba vingi mama angali anaingia kwa saa, sawa na mugeni, wakati ampisilini inaingia bila kubisha hodi.

Kwa wenye wako wanatafuta kichwa cha memware mwaka huu na wanataka kuandika tena "maarifa na mitazamo ya akina mama": muache akina mama wapumzike. Muombe daftari la chumba cha watoto, miaka miwili inatosha. Muchukue kila mutoto wa chini ya gramu 1500. Safu ya uzito, safu ya namna alizaliwa na sababu, safu ya siku dawa ilianza na dawa gani, kama damu ilioteshwa ao hapana, usiku wenye umeme ulikatika kama mutu aliandika, kisha siku dawa iliachishwa na nani aliamua. Mufanye vile mu hospitali mbili ao tatu za muji mumoja na mulinganishe. Mimi nilianza na daftari moja. Zile safu mbili za mwisho hazikuwa na kitu ndani, na nililazimika kuhesabu siku kwa kufuata alama za bic ku karatasi za sindano.